Ulimi wa Kiwanda Chetu Unapumzika

Tarehe thelathini ya mwezi huu wa sita, king'ora cha jioni kikilia, Bi Ulimi atavua koti lake jeupe kwa mara ya mwisho, baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha biskuti kwa miaka thelathini na mmoja. Miaka thelathini na mmoja, jamani! Kuna mashine zilizoingia humu ndani zikiwa mpya zinang'aa, zikazeeka, zikauzwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na yeye yupo tu, anatafuna.

Kamati ya sherehe ilipouliza nani ataandika wasifu wake, watu waliinama wakatazama viatu vyao. Mkuu wa tanuri ndiye aliyenyoosha mkono, na mkuu wa tanuri ndiye mimi. Shule niliiaga mapema kwa sababu tulikuwa tumechokana, mimi nayo. Lakini nimepika kwenye meli, nimekula katika bandari ambazo wengine wenu mnazijua kwa ramani tu, na kwa maneno sijawahi kushindwa na mtu. Someni, mtaona wenyewe.

Mgeni akisikia jina la Bi Ulimi hujiandaa kukutana na msengenyaji. Hapana. Dada huyu kazi yake ni kuonja. Kila biskuti ya kiwanda hiki ambayo wewe na wanao mmewahi kuitia mdomoni, wenzake wa trei ile ile walipita kwanza mdomoni mwake. Alianza sehemu ya ufungashaji, binti mdogo, na siku moja akakamatwa akitafuna mali ya kampuni. Akapelekwa mbele ya bosi wa wakati ule ili ajieleze. Naye alijieleza! Alieleza kwamba chumvi imezidi tangu Jumatatu, kwamba siagi ya zamu ya usiku si ile ya zamu ya mchana, na kwamba kama angekuwa mwizi angeiba kitu kitamu zaidi. Bosi akasahau adhabu. Kabla mwezi haujaisha binti alikuwa na koti jeupe na chumba chake mwenyewe.

Chumba hicho mnakijua: kidogo, cheupe, dirisha moja linalotazama uani magari yanapopakia, sinki, bilauri za maji ya uvuguvugu na trei zimepangwa kama darasa la watoto watiifu. Sheria zake pia mnazijua. Kitunguu marufuku. Sigara marufuku. Manukato marufuku, hata yawe ya bei gani. Mkurugenzi wetu wa sasa, wiki yake ya kwanza kazini, aliingia mle akinukia kama bwana harusi. Bi Ulimi alimwonyesha mlango kwa biskuti aliyokuwa ameishika, akamwambia, "Mheshimiwa, nakuheshimu sana, hasa ukiwa nje."

Na alikuwa na lugha yake. Hakuwahi kusema nzuri wala mbaya. Biskuti iliyofaa aliiita "imetulia." Ikiingia unyevu, "imezubaa." Ikipungukiwa sukari, "inanung'unika." Ikizidi moto, "imekasirika," na hapo ndipo tulipokuwa tukigombana yeye na mimi, kwa sababu moto wa kiwanda hiki uko mikononi mwa fundi asiye na mfano, na fundi huyo hapendi kuambiwa kwamba biskuti zake zina hasira.

Lakini kulikuwa na neno moja ambalo halikuwa la mzaha. Neno lenyewe ni "chuma." Akilisema, king'ora kinalia, kiwanda kinasimama, kila mkono unatoka mashineni. Chuma maana yake kuna kitu kimeingia kwenye unga, msumari au kipande cha waya, na meno ya mtoto wa mtu yako hatarini. Katika maisha yake ya kazi alikuwa amelisema mara mbili tu, na mara zote mbili kitu kilipatikana. Kwa hiyo akisema chuma, hakuna anayebisha. Hata mimi.

Sasa nifike pale ambapo kamati iliniambia nipaguse kidogo tu. Mimi sigusi kidogo. Mwenyewe Bi Ulimi ameniambia, "Andika yote, na usinifanye mtakatifu."

Miaka tisa iliyopita dada yetu alianza kuhudhuria harusi. Kila baada ya wiki tatu, ruhusa: mtoto wa dada anaoa. Wiki tatu tena: binamu anaolewa. Kisha mjomba, mzee mzima, naye ati ameamua kuoa upya. Tukasema ukoo huo una baraka, hawapumui. Akina mama wa ufungashaji wakaanza kununa kwa nini hawaalikwi hata kupika. Na kutoka kila harusi Bi Ulimi alirudi amekonda zaidi, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi, anatembea kama aliyecheza mpaka alfajiri. Nikamtania, "Dada, hizo harusi zitakuua." Akacheka. Alicheka kweli, mpaka akashika ukuta.

Halafu ikaja asubuhi ile. Trei ya kwanza imetoka, ameuma kipande, amesimama kidogo, akasema, "Chuma."

King'ora. Kimya. Mafundi wakaifungua mashine ya kukandia unga, wakapitisha sumaku, wakachekecha unga wote mpaka tukafanana na mizimu. Hakuna kitu. Unga mpya ukakandwa kwenye mashine ya pili. Akaonja. "Chuma." Mashine ya pili nayo chini, vipande vimelala sakafuni kama vitu vya mtu anayehama nyumba. Tukaosha trei, tukabadili vichekecheo, nikalifagia tanuri langu mwenyewe kwa mkono huu. Akaonja. "Chuma."

Fundi mkuu wa mitambo, jasho linamtoka, akapiga magoti mbele yake. "Dada, nimefungua kila kinachofunguka. Nimebakiza kujifungua mimi mwenyewe!"

Watu wakaangua kicheko, na fundi akajishika tumbo kama mja mzito, ikawa vurugu. Katibu muhtasi wa Mkurugenzi, aliyekuwa ametumwa kuuliza kulikoni, akamletea Bi Ulimi bilauri ya maji asukutue. Akayatia mdomoni. Akayashika humo. Nikaona uso wake unabadilika. Akayatema, akaitazama bilauri.

"Hata maji," akasema. "Hata maji yana chuma."

Katibu akafungulia bomba lile lile, akanywa. "Mbona haya ni maji tu, shangazi."

Hapo Bi Ulimi akaketi juu ya gunia la unga. Akakivuta kilemba, akakivua, na kichwa kilikuwa hakina unywele hata mmoja. Hakuna aliyecheka tena. Fundi mkuu alikuwa bado amepiga magoti na mkono wake tumboni, akausahau pale pale.

"Hakuna harusi," akasema. "Nina saratani ya titi. Nilipasuliwa wakati wa likizo yangu, na sasa wananiwekea dripu za kemo. Waliniambia ulimi utaharibika. Nikadhani wanazungumzia ndimi za watu wengine."

Mkurugenzi alikuwa ameshuka ngazi, amesikia yote. Siku nzima ya kazi ilikuwa imepotea. Akasema, "Pole sana, dada yangu. Kesho tutaoka." Fundi mkuu akainuka akafuta magoti. "Basi na mimi nianze kuzirudisha boliti zangu taratibu," akasema, na akaokota spana.

Wengi wenu hamjui kemo ni nini, na Mungu awaepushe. Mimi nilimsindikiza mara kadhaa, kwa hiyo nakijua chumba kile kama ninavyolijua tanuri. Unakalishwa kwenye kiti kirefu, muuguzi anautafuta mshipa, dawa inaingia tone kwa tone. Moja ni nyekundu kama sharubati, na ukienda haja ndogo unatoa nyekundu vile vile. Umeonywa, na bado unaruka. Dawa yenyewe haijui kuchagua. Inaipiga saratani, na hapo hapo inapiga nywele, kucha, tumbo na mdomo, kama mtu anayemfukuza mwizi ndani ya nyumba yako kwa rungu: mwizi anatoka, lakini vyombo navyo utavikuta vimevunjika. Bi Ulimi alikuwa na uchovu ambao usingizi hauugusi. Vidole vilikufa ganzi, alishindwa kufunga vifungo vya koti lake. Na ile harufu ya biskuti zetu zikiiva, ambayo wapita njia hupunguza mwendo ili waivute bure, yeye ilimtimua mbio mpaka uani na mkono mdomoni.

Yote hayo aliyabeba. Kilichomshinda ni ulimi.

Siku chache baada ya kile kisa cha chuma alikuja mlangoni kwa tanuri. Alisimama upande upepo unakotoka ili harufu isimfikie.

"Sirudi kule tena," akasema.

"Kule wapi?"

"Usijifanye mjinga, huhitaji msaada huo. Kwenye dripu. Nimefika nusu, inatosha."

"Daktari anasemaje?"

"Anasema nikimaliza zote nina nafasi nzuri ya kupona, na nikiacha njiani hanidanganyi, ugonjwa unaweza kurudi. Nikamuuliza, na ulimi je? Akasema, mara nyingi unarudi. Mara nyingi! Mimi nikikwambia mara nyingi hii biskuti haina msumari, utampa mwanao?"

Nikaegemea koleo langu. Nikasema, "Dada, ulimi bila mwili utaonja nini?"

"Na mwili bila ulimi utafanya nini hapa? Ukahesabu magunia stoo? Tangu nikiwa binti, watu wakiniona wanasema yule pale ndiye anayejua. Sasa hata ndimu siijui. Mume wangu ananikamulia ndimu nzima, namwambia sarafu. Dripu nyingine nne na hata hicho kilichobaki kitakufa. Bora niuokoe ulimi, na mengine namwachia Mungu."

Akaondoka. Nikabaki na koleo mkononi, biskuti za watu zinakaribia kuungua.

Nikapanda ngazi kwa Mkurugenzi, unga mpaka kwenye kope. Nikamkuta kweli anamwandalia Bi Ulimi kazi ya stoo, tena kwa huruma: kiti laini, kivuli, kazi nyepesi. Nikamwambia, "Mheshimiwa, ukimpa stoo umemzika kabla ya ugonjwa." Nikamweleza yote. Akanisikiliza akizungusha kalamu. Mwisho akasema, "Haya, rudi kwenye moto wako." Nikashuka nikidhani nimeharibu.

Kesho yake Mkurugenzi alikwenda chumba cha kuonja, hana manukato hata chembe, akasimama kizingitini kama mtu anayekuja kuposa.

"Kiti hiki ni chako," akasema. "Hakitakaliwa na mtu. Lakini nina sharti: umalize dripu zote. Ukiiacha hata moja, nampa mwingine."

"Unanitishia, mheshimiwa?"

"Ndiyo."

"Na nikimaliza, ulimi usiporudi?"

"Utakaa hapo hapo. Macho unayo, masikio unayo, ukali unao wa kuuza. Ulimi tutakukodishia."

Mimi nilikuwa nyuma ya mlango na trei, nimekuja kikazi kabisa, msinifikirie vingine. Nilimsikia Bi Ulimi anakivuta kiti chake. Kisha akasema, "Wa nani?" Nikajua tumempata.

Siku ya dripu ilipofika alikwenda. Alinuna njia nzima, hakunijibu salamu, lakini alikwenda.

Chumba kile cha dripu kabla yake kilikuwa kimya, kila mtu na kiti chake, kila mtu na dari yake ya kutazama. Bi Ulimi alikaa, akachomwa, akamgeukia jirani yake, mzee mmoja dereva mstaafu wa malori.

"Wewe, baba, mdomoni unapata nini?"

"Dizeli."

"Dizeli mpya au iliyokaa?"

"Mwanangu, dizeli ni dizeli."

"Ndiyo maana hukupandishwa cheo."

Mzee akacheka mpaka mashine ya dripu ikapiga kelele. Kiti cha pili, mama mshonaji, akasema yeye kila kitu ni sabuni ya kufulia. Cha tatu, mwalimu wa hesabu, kijana tu, akasema kadibodi iliyolowa. "Hiyo imezubaa," Bi Ulimi akamwambia, akawafundisha wote lugha yake. Baada ya hapo mgonjwa akiulizwa hali anajibu "leo nanung'unika" au "leo nimetulia," na muuguzi mkuu akasimama katikati, mikono kiunoni: "Humu ni hospitali au kiwanda?" Lakini yeye mwenyewe siku moja alimwambia daktari kwamba yule wa dirishani amekasirika.

Muuguzi huyo huyo ndiye aliyemfundisha kuweka kijiko cha chuma kando, kwa kuwa chuma juu ya chuma ni balaa, na kusukutua kwa maji yenye chumvi kidogo na soda ya kuokea. "Soda ya kuokea!" Bi Ulimi akasema. "Nimekimbia kazi, kazi imenifuata." Mume wake ni fundi seremala, mtu wa maneno machache kuliko misumari iliyomo mfukoni mwake. Aliposikia habari ya kijiko hakusema kitu. Aliingia karakanani, akatoka na vijiko vya mbao: kikubwa, kidogo, chenye mpini mnene kwa ajili ya vidole vyenye ganzi. Kwa vijiko hivyo alimlisha viazi baridi vyenye ndimu, kidogo kidogo, na akitapika anasubiri, anaanza tena.

Kulikuwa na siku ambayo kiti cha mwalimu wa hesabu kilikaliwa na mtu mwingine. Muuguzi alitikisa kichwa tu. Siku hiyo Bi Ulimi hakutania mtu, na njiani kurudi aliniomba nisipige porojo, nami nikaweza.

Huku kiwandani tulikuwa tunatafuta ulimi wa kukodi. Kiwanda kizima kilipangwa mstari, kila mtu akaonjeshwa sahani tatu, moja imewekwa chumvi mahali pa sukari. Majina makubwa yalianguka. Mimi niliyekula katika bandari zote zile nilitangaza sahani ya chumvi kuwa tamu kupita zote, na mpaka leo nashikilia kwamba mtu aliichezea sahani yangu. Ndimi zetu zilikuwa zimelewa sukari. Aliyeshinda alikuwa Katibu muhtasi, yule yule wa bilauri ya maji. Aliziuma zote tatu, akakunja uso. "Hii chumvi. Hii siagi imeanza kuoza. Hii ni sawa, lakini jamani, mimi biskuti sizipendi. Sijawahi kula."

"Njoo hapa, mwanangu," Bi Ulimi akasema. "Nimekuwa nikikutafuta maisha yangu yote."

Wakawa wawili chumbani. Katibu anauma, Bi Ulimi anauliza. Utamu unafika mapema au unachelewa? Unakaa mbele au unajificha nyuma? Ukishaondoka unaacha nini? Mwanzo binti alijibu "tamu" kwa kila swali, na Bi Ulimi akamwambia tamu si jibu, tamu ni uvivu. Mwenyewe aliivunja biskuti karibu na sikio akasikiliza mlio, akaitazama kwenye mwanga, akaisugua kwa kidole chenye ganzi na kulaani. Kwa ulimi wa mmoja na akili ya mwingine hakuna katoni hata moja iliyorudishwa na wateja.

Na yule aliyekuwa hataki dripu? Ya saba iliahirishwa, damu yake ilikuwa imeshuka. Akagombana na muuguzi pale mapokezi, watu wanasikia: "Niwekee! Nina kiti kinanisubiri!" Muuguzi akamwambia, "Mama, damu yako imezubaa." Hapo akaketi, maana lugha ilikuwa yake. Akarudi wiki iliyofuata, akawekewa. Akawekewa na ya mwisho. Mzee wa malori akampigia makofi kwa mkono mmoja, mwingine una sindano.

Sasa tukangoja. Nywele zilirudi kwanza, laini kama za mtoto, zimejikunja kwa namna ambayo hakuzaliwa nayo, akazipenda. Kucha zikarudi. Vidole vikaanza kuvikumbuka vifungo. Ulimi, kimya. Kila asubuhi alionja, kila asubuhi alitikisa kichwa, na Katibu akamalizia kazi. Akina mama wa ufungashaji wakaacha kuuliza. Mimi nikaanza kupita mbele ya chumba kile haraka haraka, nikijifanya nina shughuli.

Basi asubuhi moja naleta trei ya kwanza, yeye kachukua moja kwa mazoea, kauma, anatazama magari uani. Katibu bado hajafungua mdomo.

"Imekasirika," Bi Ulimi akasema. "Tanuri lako linachoma upande wa kushoto."

Nikapandwa na hasira. "Tanuri langu? Dada, utaniheshimu! Tanuri langu halijawahi kuchoma upande wowote! Miaka yote hii, mimi ambaye..."

"Mjomba," Katibu akaniita.

"Subiri, binti, wakubwa wanaongea. Mimi ambaye nimepika melini..."

"Mjomba, nyamaza. Shangazi ameonja."

Nikanyamaza. Kipande bado kiko shavuni mwa Bi Ulimi. Akatafuna taratibu sana. Kwa kawaida waonjaji hutema, sinki liko pale kwa kazi hiyo. Yeye akameza. Akachukua nyingine kutoka upande wa kushoto wa trei, iliyoungua zaidi, akaila yote, na nyingine, na nyingine, machozi yanachuruzika mpaka kwenye kola ya koti jeupe. "Mbaya," akasema, yeye ambaye hakuwahi kulisema neno hilo. "Mbaya kabisa! Umeziunguza zote!" Mimi nimetukanwa katika bandari nyingi na kwa lugha nyingi, lakini hakuna tusi lililonitoa mlangoni nikicheza isipokuwa lile. Nikashuka kwenye mashine nikipiga kelele kwamba nimeunguza trei nzima, na watu wakanipongeza kama niliyepata mtoto. Kwa kumbukumbu za kiwanda: moto wa kushoto ulikuwa juu kidogo. Kidogo.

Nisiwadanganye, haukurudi wote. Vanila mpaka leo anaisikia kwa mbali, kama redio ya jirani, na kwa vanila humwita Katibu. Mengine yote yalirudi, ukali ukiwa wa kwanza.

Amefanya kazi miaka minane tangu siku ile. Amemfundisha Katibu mpaka amekuwa mwonjaji kamili, ndiye anayekirithi chumba kuanzia Julai, na hadi leo biskuti hazipendi. Na ile biskuti yetu ya tangawizi, nyembamba, yenye sukari kidogo, ambayo sasa inauzwa mpaka kwenye maduka makubwa, ni kazi yao wawili. Waliitunga kwa ajili ya watu wa chumba cha dripu ambao matumbo yao yalikataa kila kitu. Bi Ulimi alikuwa akiipeleka mwenyewe, anakaa nao, anawauliza wanapata nini mdomoni. Mzee wa malori alisema bado ni dizeli, ila hii ni dizeli ya daraja la kwanza.

Mwezi uliopita alikwenda kwa daktari wake kwa vipimo vyake vya mwaka. Akatupigia simu tanurini akiwa bado pale nje ya mlango wa hospitali, na sauti yake ilikuwa haina kicheko wala kilio, tukaogopa, tukazima feni tusikie. Akasema, "Wameniambia nisirudi tena mpaka nijisikie vibaya. Hospitali nayo imenistaafisha." Kwa hiyo mjue mnamuaga mtu anayestaafu mara mbili katika mwaka mmoja, kwetu kwa umri, kule kwa afya, na pengine ile ya pili ndiyo inayostahili keki kubwa zaidi. Keki nitaoka mimi. Pande zote mbili zitaiva sawa.

Dada yetu, asante. Asante kwa meno ya watoto wengi wasiokujua. Asante kwa kutugombeza tukiwa tumelegea, na kwa kuturuhusu tukugombeze ulipotaka kuacha njiani. Shemeji yetu wa mbao, asante kwa subira yako. Sasa kalale mpaka jua likuchoke, kajipulizie manukato yote uliyoinyima pua yako, kale kitunguu kibichi hadharani. Sisi tutajitahidi huku tusiharibu jina lako. Tunakutakia maisha marefu, dada, na kila siku yake uionje kwa ulimi wako mwenyewe.